Hatari Zisizo na Kibao: Somanga hadi Msimbati kwa Kempa

Gari la safari hii ni kempa, yaani Toyota Coaster (Kosta) iliyotolewa viti vya abiria na kuwekwa kitanda, jiko la gesi, makabati na tangi la maji la lita 100. Ina urefu wa mita 7 kasoro kidogo na upana wa mita 2 na ushei. Ukijumlisha keria na paneli ya sola, kimo chake kinakaribia mita 3. Vipimo hivyo viandikwe kwa kalamu nene na kubandikwa mbele ya usukani, maana dereva aliyezoea gari dogo huvisahau saa ile ile anapovihitaji.

Kempa si Kosta ya abiria. Uzito wake umepanda juu na kukaa nyuma: maji, betri, mtungi wa gesi, vyombo, kitanda. Nyuma ya ekseli ya mwisho kuna karibu mita 2 za bodi zinazoning'inia. Shimo ambalo basi dogo hulidunda na kuendelea na safari, kempa hulipokea kwa springi, kisha kwa bodi, kisha kwa kila kilichofungwa ndani. Kwa hiyo kazi kubwa ya safari nzima ni kuona mapema. Barabara za Lindi na Mtwara hazitishi kwa macho. Njia kuu ni lami, magari si mengi kama ya njia ya Morogoro, na mnyooko wake unamshawishi dereva akanyage mafuta. Hatari zimefunikwa na maji, kivuli, mchanga, na pengine lami yenyewe. Lakini karibu kila moja huacha alama kabla hujaifikia, na alama hizo zinasomeka.

Wanahitajika watu wawili mbele. Msaidizi anayekaa kushoto hashiki simu. Anatazama mbali, kiasi cha mwendo wa sekunde 10 hadi 15, na kutaja anachokiona kwa maneno mafupi yaliyokubaliwa kabla ya kuondoka: "shimo kushoto", "tuta", "mbuzi kulia", "matawi". Dereva anajibu "nimeona". Asipojibu, linarudiwa kwa sauti kubwa zaidi.

Msimu ni mwanzo wa Juni. Masika yamekwisha, anga ni safi, na kila kilicholiwa na mvua chini ya barabara bado hakijaonekana chote.

SIKU YA KWANZA: SOMANGA – NANGURUKURU – KILWA MASOKO

Kipande hiki ni kifupi na ndicho kinachotaka macho kuliko vyote. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara sehemu kadhaa upande huu wa Kilwa, na mikoa ya kusini ikatengana na Dar es Salaam. Inafaa kuelewa namna barabara inavyokatika, kwa sababu kilichotokea kwa ukubwa siku zile hutokea kwa udogo kila masika bila kutangazwa.

Maji hushuka kutoka magharibi kuelekea baharini, na barabara imelala kaskazini–kusini, imeyakatia njia. Kila bonde dogo lina kalavati. Mvua kubwa ikibeba magogo, majani na takataka, mdomo wa kalavati huziba. Maji hujaa upande wa juu kama bwawa, kisha hutafuta upenyo pembeni ya kalavati, katikati ya udongo ulioshindiliwa. Yakishapata upenyo, huchukua udongo kidogo kidogo. Lami haina habari. Inabaki imetanda juu ya tundu, na magari madogo yanaendelea kupita. Siku linapokuja gari zito, kipande kinazama.

Ukikaribia kalavati lolote hapa, punguza hadi 40 na uangalie mambo haya. Kwanza, nyasi. Zikiwa zimelala zote upande mmoja, na vijiti na mifuko ya plastiki imenasa kwenye vichaka kwa kimo cha lami au zaidi, maji yalipanda juu ya barabara mahali hapo. Pili, vizuizi vya chuma na nguzo za pembeni. Kimoja kikiwa kimeinama kwenda nje wakati vingine vimesimama wima, udongo uliokishika umeondoka. Tatu, kiraka kipya chenye rangi tofauti kwenye barabara ya zamani. Fundi hakukiweka pale bure.

Alama kubwa kuliko zote ni ufa wa nusu duara. Huanza ukingoni mwa lami, hupinda kuelekea katikati, kisha hurudi ukingoni mita 2 au 3 mbele. Kwa mbali unafanana na mchirizi wa maji uliokauka. Ukishuka na kuinama, utaona upande wa nje umeshuka kidogo kuliko wa ndani. Vumbi limejaa kwenye ufa wenyewe, na pengine kuna mchwa au majani mateke yaliyoota kwenye unyevu. Pitisha kidole: ukisikia ngazi, kile kipande cha nje kinaning'inia. Usikikanyage hata kwa mguu. Tazama kutoka upande wa pili, chini kwenye mdomo wa kutokea maji. Ukiona korongo jipya lenye kingo wima, au maji yanatoka pembeni ya bomba na siyo ndani yake, jibu umelipata.

Namna ya kupita ni hii. Simamisha gari mita 30 kabla, washa taa za tahadhari zote, msaidizi ashuke akiwa amevaa kizibao chenye kung'aa. Ufa ukiwa upande mmoja tu na haujafika theluthi ya upana, pita upande mzima kwa gia ya pili, gari moja moja, bila kukanyaga breki juu ya kalavati. Breki husukuma uzito mbele na chini, na huo ndio msukumo usioutaka hapo. Ufa ukifika mstari wa katikati, usipite. Weka pembetatu pande zote mbili, wajulishe wanaokuja, na taarifa ifike TANROADS, wakala wa barabara, au polisi kupitia 112.

Palipo na ujenzi wa madaraja na makalavati, magari hushushwa kwenye njia ya mchepuko ya kifusi. Hatari ya kempa hapa iko kwenye mdomo wa mchepuko, pale lami inapoishia na kifusi kushuka ghafla. Tafuta mikwaruzo ya chuma kwenye ukingo wa lami. Hiyo ni mabasi marefu yaliyoburuza mikia. Ukiiona, ingia kwa mshazari, gurudumu moja likitangulia, mwendo wa mtu anayetembea. Bodi itajipinda na makabati yatataka kufunguka, kwa hiyo komeo la kila mlango wa ndani likaguliwe kabla. Bomba la plastiki la maji machafu chini ya gari lipandishwe na kufungwa kwa waya, au litabaki mchepukoni.

Jambo la mwisho kwenye kipande hiki: usipaki ovyo nje ya lami. Kuna sehemu za udongo mweusi ambao juu umekauka na kupasuka, chini bado ni uji. Magurudumu mawili mawili ya nyuma yakizama humo, jeki ya kawaida haisaidii kitu bila ubao mnene wa kuikalia. Beba ubao wa sentimita 40 kwa 40, unene wa sentimita 4. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote garini na ndicho kinachokosekana kwenye magari mengi.

Kutoka Nangurukuru hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 30. Hapo tatizo ni watu, baiskeli na mbuzi.

SIKU YA PILI: KILWA MASOKO – MBWEMKURU – LINDI

Kuondoka saa 1 asubuhi. Lengo ni kufika Lindi kabla ya saa 10 alasiri, na sababu ni hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Dereva anayetambua jambo na kuhamisha mguu hutumia kama sekunde 1 na nusu, sawa na mita 33. Breki za gari zito kwenye lami kavu zinahitaji mita nyingine 40 hivi. Jumla inapita mita 70. Taa za chini humulika wastani wa mita 50. Anayeendesha 80 usiku kwa taa za chini anakimbilia mahali asipopaona. Jua la Juni huku linatua karibu saa 12 jioni, na nusu saa ya mwisho ndiyo mbaya: lori lililoharibika halina taa, bodaboda imebeba magunia ya mkaa na taa yake ya nyuma imefunikwa na mzigo.

Kuhusu malori yaliyoharibika, kusini hii ishara inayotangulia ni matawi ya miti. Ukiona majani mabichi yametupwa kwenye lami, mafungu mawili matatu yaliyopishana kwa hatua kadhaa, ondoa mguu kwenye mafuta hapo hapo. Mbele, mara nyingi nyuma ya kona au kilele cha mwinuko, kuna gari limesimama. Matawi makavu yasikudanganye kwamba tatizo limeisha; huenda gari lina siku mbili pale. Na hata likiwa limeondoka, linaacha mawe yaliyotumika kuzuia magurudumu. Jiwe la ukubwa wa kichwa katikati ya njia, rangi ile ile ya lami, huvunja rimu na kupasua tairi la mbele. Baada ya matawi, msaidizi atafute mawe.

Kivuli ni mfuniko mwingine. Miembe na mikorosho iliyopandwa karibu na barabara hutupa vivuli vya madoadoa asubuhi, na shimo ndani ya kivuli halionekani kabisa. Usitafute shimo. Tafuta changarawe zilizotawanyika kwenye lami, kwani hizo zimerushwa kutoka ndani ya shimo na matairi. Tafuta pia alama nyeusi za breki zinazoishia ghafla, na magari yanayokuja yakihama upande wao bila sababu unayoiona. Sababu ipo.

Vijiji vya njia hii, kama Hoteli Tatu, Kiranjeranje na Kitomanga, vina matuta, na rangi ya matuta mengi imefutika. Kwa kawaida rasta hutangulia, ile mistari myembamba inayotetemesha gari. Ukisikia rasta, tuta liko mbele hata kama hulioni. Pasipo rasta, tazama nyuma ya bodaboda na magari yaliyotangulia: mkia ukiruka juu, pale ndipo. Kempa ivuke tuta kwa kilomita 10 hadi 15 kwa saa, na mguu usirudi kwenye mafuta mpaka magurudumu ya nyuma yavuke. Kosa la kawaida ni kukanyaga mafuta baada ya magurudumu ya mbele tu. Mkia hurushwa, na ndiyo chanzo cha makabati kung'oka skrubu. Mwendo wa kijijini ni 50, na tochi za trafiki za kupima mwendo ziko kazini.

Bega la barabara linastahili kusemwa kwa urefu kidogo. Mahali pengi ukingo wa lami umemegeka, na udongo wa pembeni umeshuka sentimita 10 au 15 chini yake. Nyasi za baada ya masika zinafunika ngazi hiyo. Basi likija katikati ya barabara, dereva wa kempa husogea kushoto na gurudumu la nyuma linaanguka. Silika inasema vuta usukani kulia haraka. Usivute. Tairi litasugua ukingo, halitapanda, kisha litapanda kwa ghafla likiwa limekatwa kulia, na gari refu lenye uzito juu litavuka barabara nzima au kulala. Shika usukani kwa nguvu, nyooka, ondoa mafuta, usikanyage breki kwa nguvu, subiri mwendo ushuke chini ya 40, tafuta mahali ngazi ni fupi, kisha panda kwa kukata kidogo na kwa uthabiti. Kama mbele pembeni ni tambarare na wazi, ni bora kusimama huko huko.

Pembeni pia huanikwa makopa na mazao mengine juu ya lami yenyewe, kwa kuwa inakauka haraka. Wanaoanika huzungushia mawe. Watoto hukaa karibu kufukuza kuku.

Kabla ya daraja la Mbwemkuru barabara inashuka. Shuka kwa gia, daraja livukwe polepole, halafu usipaki kwenye kona ya kupandia upande wa pili, hata kama kuna kivuli kizuri.

SIKU YA TATU: LINDI – MINGOYO – MTAMA – NDANDA – MASASI

Safari ya leo inaelekea magharibi. Ukiondoka Lindi saa 1 asubuhi jua liko mgongoni na kila shimo lina kivuli chake linachokionyesha. Ukiondoka saa 8 mchana, jua litakuwa usoni hadi Masasi, na kioo chenye vumbi kitageuka pazia. Futa kioo ndani na nje asubuhi; uchafu wa ndani ndio unaosumbua zaidi mbele ya jua.

Mingoyo, penye njia panda ya Mnazi Mmoja, unaachana na njia ya Mtwara. Kuanzia hapo unakutana na malori mengi mazito, yakiwemo ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara. Uzito huo, ukipita siku baada ya siku kwenye mstari ule ule wakati lami imepata joto, unaichimba mifereji miwili. Kwa macho ya dereva barabara ni nzima, haina hata shimo moja. Ukitaka kuijua, tazama mwanga unavyong'aa juu ya lami: mistari miwili iliyokoza na tuta dogo katikati yake.

Mifereji hii ina ubaya wake kwa Kosta. Magurudumu ya lori yameachana zaidi kuliko ya Kosta, kwa hiyo huwezi kukaa vizuri ndani ya mifereji yote miwili. Upande mmoja unaingia, mwingine unapanda ukingo, na gari linavutwa kushoto, linarudi kulia. Dereva anadhani ni upepo au tairodi. Kaa kwa makusudi upande mmoja: magurudumu ya kulia juu ya tuta la katikati, ya kushoto kati ya mfereji na ukingo, ilimradi ukingo ni mzima. Mwendo 60 hadi 65. Mvua ikinyesha, mifereji inakuwa mitaro ya maji, na tairi lenye kashata (meno ya tairi) zilizoisha huelea juu yake bila kugusa lami. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, ondoa mafuta polepole, usikate kona wala kugusa breki mpaka uzito urudi mikononi.

Kuovateki lori kwa kempa kunahitaji nafasi ndefu kuliko unavyodhani. Madereva wa malori huku wana lugha ya indiketa: ya kulia maana yake usipite, kuna gari linakuja, ya kushoto, pita. Iheshimu, lakini usiitegemee peke yake. Indiketa ya kulia inaweza pia kuwa lori linakata kulia kweli, na ya kushoto inaweza kuwa linaingia kituoni. Thibitisha kwa macho yako mwenyewe. Gari linalokuja likikuwashia taa mara mbili tatu mchana, kuna jambo mbele, na mara nyingi si trafiki tu.

Magamba ya matairi yaliyopasuka yamelala pembeni mwa njia hii. Ndani yake mna nyaya za chuma. Gamba likikanyagwa na gurudumu la mbele huinuka na kupiga mabomba ya breki chini ya gari. Lipitie pembeni, au kama haiwezekani, liweke katikati ya magurudumu ikiwa ni bapa.

Simama Nyangao au Ndanda. Kote huko kuna hospitali za misheni, jambo la kukumbuka kama kuna aliyeumia. Kituo kitumike kwa ukaguzi wa dakika 10. Pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto la wazi kuliko wenzake, breki yake inashika au beringi inaanza kufa. Kisha piga magoti nyuma na utazame kati ya matairi mawili mawili. Jiwe la ukubwa wa ngumi likinasa hapo, linakata kuta za matairi yote mawili taratibu, au linachomoka kwenye mwendo na kuvunja kioo cha aliye nyuma. Litoe kwa nondo fupi na nyundo. Likikataa, punguza upepo wa tairi la nje, litoe, kisha jaza. Upepo wa matairi yaliyopata joto usipunguzwe kwa kuwa kipimo kimepanda; kupanda kiasi ni kawaida, na ukipunguza, kesho asubuhi yatakuwa laini. Kipimo halali ni cha asubuhi kabla ya kuondoka, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni.

Kuanzia miezi ya kiangazi mashamba huchomwa, na moshi huvuka barabara bila taarifa. Usiingie kwenye moshi usioona mwisho wake. Kuna mwenzako amesimama humo ndani.

SIKU YA NNE: MASASI – NEWALA

Leo ni kupanda Nyanda za Makonde, kwenye kipande cha Mnivata–Newala–Masasi, kilomita 160, kinachojengwa kwa lami. Barabara inayojengwa hubadilika wiki hadi wiki. Taarifa ya kweli haipatikani kwenye ramani ya simu. Ipo kwa bodaboda wa stendi ya Masasi. Uliza swali lenye jibu: "Shikamoo mzee, Kosta imepita leo kwenda Newala? Imepitia wapi?" Ukiuliza tu kama njia ni nzuri, utaambiwa ni nzuri, maana kwa pikipiki ni nzuri.

Maji hayakuwahi kuwa mengi juu ya nyanda, kwa hiyo tangi lijazwe Masasi. Lijae kabisa, siyo nusu. Lita 50 zinazochezacheza ndani ya tangi lisilo na vigawanyo huyumbisha gari kwenye kona kuliko lita 100 zilizotulia.

Vumbi ndilo linaloficha leo. Lori la kifusi likitangulia, usifuate ndani ya wingu lake. Simama, dakika 3 zinatosha, upepo ulisafishe. Washa taa za chini mchana kutwa, siyo kwa ajili ya kuona, bali kuonwa na greda linalorudi nyuma. Mirundo ya kifusi iliyomwagwa katikati ya njia haina taa wala utepe, na ikiwa imekaa siku kadhaa ina rangi moja na barabara.

Sehemu za udongo zimejikunja mawimbi kama bati. Kuna madereva wanaokimbia 80 ili gari lipae juu ya mawimbi, na ni kweli mtetemo hupungua. Lakini hupungua kwa sababu matairi hayagusi chini vizuri, na tairi lisilogusa chini halina breki wala usukani. Kempa iende 25 hadi 35. Mtetemo wa muda mrefu hulegeza nati za magurudumu, vishikio vya betri na kiungo cha mpira wa gesi. Mtungi ufungwe kabisa wakati wote gari linapotembea. Ukifika, kabla ya kuwasha jiko, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo na ufungue gesi. Mapovu yakivimba, kiungo kinavuja. Pua peke yake haitoshi ukishavuta vumbi siku nzima.

Mteremko wowote wa nyanda ushukwe kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata joto, harufu ya kuungua hutangulia, kisha pedali huwa ndefu. Ukisikia harufu, simama mahali pa usawa, weka mawe kwenye magurudumu badala ya kuvuta hendibreki kwenye ngoma zilizo moto, ngoja nusu saa. Usimwage maji.

Ukungu wa asubuhi hutanda Newala, hasa upande wa ukingo wa nyanda, karibu na bonde liitwalo Shimo la Mungu. Hakuna sababu ya kuondoka kabla haujapanda.

SIKU YA TANO: NEWALA – TANDAHIMBA – NANYAMBA – MTWARA

Leo msaidizi atazame juu. Mikorosho hutandaza matawi yake chini na kwa upana, na penye njia nyembamba matawi hukutana juu ya barabara. Waya za umeme zinazovuka kwenda nyumbani nazo hulegea katikati. Beba mti mkavu au mwanzi wenye urefu wa mita 3 na robo. Msaidizi ashuke, ausimamishe chini ya tawi. Ukigusa, gari halipiti bila kukwaruza paneli. Kwa waya, usitumie mti wowote wala usiisukume na kitu. Pima kwa macho, na penye shaka zunguka.

Tawi jembamba halina tabu. Hatari ni kisiki cha tawi lililokatwa panga, kimechongoka kama mkuki kuelekea barabarani, na majani mapya yamekifunika. Kimo chake ndicho kile kile cha dirisha la kitandani.

Mchanga mwekundu wa nyanda hujikusanya mabondeni. Ingia na gia ya pili tayari, usibadilishe katikati. Anayesafiri kuanzia Oktoba atakuta malori ya korosho yakisubiri kwenye maghala, yamepaki pande zote mbili.

Lami inaanza Mnivata, kilomita 50 kabla ya Mtwara. Hapo ndipo madereva hukanyaga mafuta kwa furaha, na ni mahali pabaya pa kufanya hivyo. Kokoto zilizomwagika kwenye kilomita ya kwanza huteleza kama mtama, na gari lina siku mbili za mtetemo. Simama. Spana ya magurudumu kwenye kila nati, kwa kupishana siyo kwa mzunguko. Nati yenye mchirizi wa kutu kuanzia kwenye tundu lake imelegea, hata kama kwa macho inaonekana imekaa. Jiwe kati ya matairi. Springi: jani lililosogea pembeni ya wenzake limekata pini.

SIKU YA SITA: MTWARA – MADIMBA – MSIMBATI

Njia ya Msimbati ni fupi na inaishia kwenye mchanga wa pwani. Kosta yenye magurudumu mawili mawili nyuma haikuumbwa kwa mchanga mlaini: tairi la nyuma la ndani na la nje husukuma mchanga katikati yao na kujichimbia. Paki kwenye ardhi ngumu kabla ya fukwe, utembee kilichobaki. Penye ulazima wa kupita kipande cha mchanga, punguza upepo kwa theluthi moja, mwendo usizidi 30, wala usikate kona kali, na kompresa iwe ndani ya gari kabla hujapunguza hata kidogo. Ukikwama, acha kuzungusha magurudumu mara moja. Koleo, mbao mbili, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe.

Usipaki chini ya mstari wa mwani uliokauka. Mstari huo ni mahali bahari ilipofika, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, itafika juu zaidi.

Njia za nyasi nazo zina mtego. Nyasi kavu zinazosugua chini ya gari hujikusanya juu ya ekzosi, hukaa kimya kwa kilomita kadhaa, kisha zinawaka mkiwa mmesimama. Kila baada ya kipande cha nyasi, zima injini, lala chini, zitoe kwa fimbo. Mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na mlango, siyo chini ya kitanda.

Kabla ya kurudi kwenye lami, jaza upepo hadi kipimo cha kibandiko. Tairi laini kwa mwendo wa 80 hupata joto na kupasuka. Suuza chini ya gari kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo, ukianzia breki na springi, kisha viungo vya umeme vya taa za nyuma. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuingia barabarani, kanyaga breki mara tatu kwa mwendo wa 20 kwenye uwanja mtupu. Gari likivuta upande mmoja, breki moja bado ina chumvi au mchanga, na safari isubiri mpaka ifunguliwe.